Dozi kumi za mseto

Wiki kadhaa nyuma aliingia kaka mmoja famasi, katokea Sengerema, akakaa kwenye benchi akasubiri wateja wote waishe ndo akasogea kaunta. Shikamoo dokta. Marahaba (mi sio daktari, ni mfamasia, ila hapa Mwanza ukishavaa koti jeupe we ni dokta na nilishaacha kubishana). Akauliza, mseto, ile ya malaria, dozi kumi zipo? Nikamwambia kumi za nini kaka, mnaumwa nyumba nzima? Akatabasamu kiungwana tu, akatoa simu, akasema dokta we sikiliza hii kwanza.

Ilikuwa voisi ya WhatsApp, imefowadiwa mpaka ina ile mishale miwili. Dada anaongea haraka haraka kama yuko mnadani: dawa ya malaria, ile inayotokana na mmea wa Kichina, imethibitishwa inaua asilimia 98 ya seli za kansa ndani ya saa 16, wakubwa wanajua miaka yote ila wanaficha kwa sababu ni bei rahisi, wanataka muuze mashamba mlipie matibabu. Nikamuuliza mgonjwa nani. Mama. Kansa ya shingo ya kizazi, ameshachukuliwa kinyama cha kupima, majibu yametoka, amepangiwa mionzi na tarehe anayo. Ila wamekaa kama familia wakaona wajaribu kwanza hii ya vidonge, ikigoma ndo waende.

Wajaribu kwanza. Hayo maneno mawili ndo yamenikalisha kuandika, maana voisi ile ingekuwa uongo mtupu ningemjibu kwa sekunde tano. Haikuwa uongo mtupu.

Asilimia 98 ipo. Saa 16 zipo. Na waliofanya ni watafiti kweli, Henry Lai na Narendra Singh wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, waliichapisha 2001. Sasa hebu tuangalie walichofanya chenyewe. Walichukua seli za kansa ya titi zikiwa kwenye kisahani cha maabara, wakazilisha kwanza madini ya chuma, kisha wakazimwagia mtoto wa artemisinini (ndo hiyo dawa ya mmea wa Kichina), yaani ile hali ambayo dawa hugeuka ikishaingia mwilini. Seli zikafa kwa wingi, na seli za kawaida za titi zilizowekwa kwenye mazingira yale yale hazikuguswa sana. Ni matokeo mazuri na mi siyabezi hata kidogo. Ila ni kisahani. Hakuna ini linaloivunja dawa, hakuna figo, hakuna damu ya kuisafirisha, hakuna uvimbe wa ukubwa wa ngumi ambao katikati yake dawa haifiki, hakuna mama wa miaka sitini ambaye ameshatokwa damu miezi minne. Jiki nayo inaua seli za kansa kwenye kisahani, tena haingoji saa 16.

Kwa nini chuma lakini? Hapa ndo pana utamu, na mtu akishaelewa hapa anaelewa kwa nini watu wenye akili zao wameng'ang'ana na hii dawa miaka thelathini. Mdudu wa malaria akiingia kwenye chembe nyekundu ya damu anakula himoglobini, na himoglobini imebeba chuma, kwa hiyo anaishi katikati ya ghala la chuma. Molekuli ya artemisinini ina kama kidaraja ndani yake, oksijeni mbili zimeshikana, na kidaraja kile kikikutana na chuma kinakatika, na kikikatika ni kama mtu kapasua glasi ndani ya mfuko wa nailoni, vipande vinachana kila kilicho karibu. Mdudu anakufa kwa kile kile alichokula. Sasa seli ya kansa nayo, kwa kuwa inajigawa usiku na mchana bila kupumzika, ina njaa ya chuma kuliko jirani zake, imejiwekea milango mingi zaidi ya kukiingizia. Lai akajiuliza, kama chuma ndo kinatega huku basi si kitatega na kule? Karatasi yake ya kwanza na Singh ni ya 1995, kwa seli za kansa ya damu. Ujerumani naye Thomas Efferth na wenzake, 2001 hiyo hiyo, wakaijaribu artesuneti (ndugu yake artemisinini, ndo ile ya sindano mnayoijua ya malaria kali) kwenye aina 55 za seli za kansa, na zilizolegea zaidi zilikuwa za kansa ya damu na za utumbo mpana. Kumbuka utumbo mpana, tutaurudia.

Halafu sisi wa kanda ya ziwa malaria na kansa kukaa meza moja hatukuanza jana. Uvimbe wa taya wa watoto, ule wa Burkitt, ulielezwa na daktari Denis Burkitt akiwa Mulago, Kampala, 1958, na ramani aliyokuja kuichora ya wapi unapatikana ikawa inafuata maeneo yenye joto na mvua, yaani nyumbani kwa mbu. Kule malaria inasaidia kansa ije. Huku tunataka dawa ya malaria isaidie kansa iondoke. Haya.

Nikamchukulia yule kaka boksi moja la mseto nikalifungua pale pale kaunta, nikamwekea karatasi ya vidonge mbele yake. Nikamwambia hesabu. Vidonge 24, mtu mzima anameza vinne mara mbili kwa siku, siku tatu. Kila kidonge cha njano hapo kina artemeta miligramu 20 na lumefantrini miligramu 120. Artemeta ndo inayohusika na stori ya voisi, yaani sehemu moja kati ya saba ya dawa iliyoko kwenye kidonge. Zile sita zilizobaki ni lumefantrini, na hiyo iko pale kwa kazi nyingine kabisa: artemeta inapiga mdudu kwa nguvu lakini ndani ya saa chache imeshatoka mwilini, sasa lumefantrini inabaki siku kadhaa inafagia waliosalia. Ndo maana inaitwa mseto. Dozi kumi anazotaka yeye ni miligramu 4,800 za artemeta na miligramu 28,800 za lumefantrini, ambayo haina inachokitafuta kwenye kansa ya mama yake ila moyo wa mama ndo utaibeba.

Akakaa kimya anaziangalia. Akasema, lakini dokta wazungu wenyewe si wamejaribu kwa watu? Ndio wamejaribu, nikamwambia, na nikawa sina muda wa kumweleza vizuri maana foleni ilishaanza, kwa hiyo naandika hapa.

Jaribio linalotajwa zaidi ni la St George's, London, la kina Sanjeev Krishna na Devinder Kumar, lilitoka mwishoni mwa 2014. Walichukua wagonjwa wa kansa ya utumbo mpana (si nilisema tutaurudia) ambao walikuwa wanasubiri upasuaji, yaani upasuaji uko pale pale hauondoki, na zile wiki mbili za kusubiri wakawapa nusu yao artesuneti ya kumeza miligramu 200 kila siku kwa siku 14, nusu wakapewa kidonge kinachofanana ila hakina kitu. Mgonjwa hajui kapewa kipi, daktari naye hajui. Kisha uvimbe ukishatolewa wanauangalia kwa darubini, seli ngapi zimeanza kujiua. Waliingia wagonjwa 23, waliochambuliwa ni 20. Matokeo ya darubini: waliofikia kiwango kilichowekwa cha seli kujiua ni asilimia 67 kwa waliokunywa dawa na asilimia 55 kwa wale wa kidonge kitupu. Ukiiacha asilimia ukahesabu vichwa, ni watu sita kati ya tisa dhidi ya sita kati ya kumi na mmoja. Sita kwa sita. Ukinionyesha hiyo bila kuniambia ni nini nitakwambia hakuna kitu hapo.

Ila wakaendelea kuwafuatilia, kwa wastani miezi 42, na hapa ndo watu walipotoa macho: kansa ilirudi kwa mtu mmoja kwenye kundi la artesuneti na kwa watu sita kwenye kundi lile lingine. Mmoja kwa sita. Sasa hiyo inatetemesha, hata mimi nilivyoisoma mara ya kwanza niliisoma mara mbili. Lakini kaa nayo kidogo. Ni watu ishirini. Kwenye watu ishirini, wawili tu wakitokea kuwa na uvimbe uliokuwa umeshasambaa zaidi toka mwanzo na wakaangukia upande mmoja, picha yote inabadilika na dawa haijafanya lolote. Waandishi wenyewe waliliita jaribio dogo la kutangulia, hawakusema wamepata tiba, walisema panastahili kuchimbwa. Na likafuata jaribio jipya, NeoART, Uingereza na Vietnam, lililopangwa kwa mamia ya wagonjwa na sio makumi, dawa ikiwa bado ni ya kabla ya upasuaji. Voisi haikusema hilo la upasuaji. Hamna popote kwenye jaribio lile ambapo mtu aliambiwa acha kisu unywe kidonge.

Na kuna mengine ambayo hayafowadiwi kwa sababu hayana msisimko. China 2008 waliichanganya sindano ya artesuneti na dawa mbili za kawaida za kansa ya mapafu kwa wagonjwa 120: ugonjwa ulichelewa kuendelea, wiki 24 badala ya 20, lakini kwenye kuishi tofauti haikuwa kubwa ya kuweza kusema ni dawa na sio bahati. Georgetown, Marekani, wakawapa artesuneti ya mshipani wagonjwa 19 waliokuwa wameshachoka na tiba nyingine, wakawa wanapandisha dozi, wakakuta kikomo kinachovumilika ni miligramu 18 kwa kila kilo ya mwili (kwa malaria kali mtu mzima anapata 2.4), na kwa wanne ugonjwa ulitulia, ila hakukuwa na uvimbe ulionywea wa kusema umenywea. Watu wanne wametulia sio kitu cha kutupa, kwa aliyeko kwenye hali ile miezi ni miezi. Ila linganisha na kelele za ile voisi.

Mi napenda kupima mambo kwa dawa hii hii. Mnajua kwa nini leo mtoto akija na degedege za malaria hospitali hawampi tena kwinini wanampa artesuneti? Kwa sababu ya jaribio moja lililoitwa AQUAMAT, lililotoka 2010, watoto 5,425, nchi 9 za Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo. Waliopewa kwinini walikufa asilimia 10.9, waliopewa artesuneti asilimia 8.5. Ukiiona hivyo utasema tofauti ndogo, mbili na nusu hivi, lakini kwa kuwa ni watoto elfu tano na zaidi hakuna wa kusema ni bahati, na kwinini ambayo babu zetu wote walipona nayo ikawekwa pembeni. Hivyo ndo inavyofanyika dawa ikishinda kweli. Watoto 5,425 upande ule, wagonjwa 20 upande huu, na bado kuna mtu anataka tuviweke kwenye mzani mmoja.

Na kama unaona naweka shingo ngumu, kumbuka metformini, kile kidonge kikubwa cheupe cha kisukari ambacho nusu ya watu wazima wa mtaa wangu wanacho kabatini. Nayo ilipita njia hii hii. Kwenye kisahani inaua, kwenye panya inaua, watu wa kisukari wanaoitumia wakaonekana wanapata kansa kidogo kuliko wengine, kila mtu akaamini. Ikaja kujaribiwa kwa wagonjwa 3,649 wa kansa ya titi, matokeo 2022: haikusaidia. Wagonjwa hao hawakuwa na kisukari, na kwao ilikuwa sawa na kidonge kitupu tu. Mambo mengi sana yanafia kwenye daraja hilo la kutoka kisahani kwenda kwa mtu, na hayafi kwa sababu kuna aliyeyaua.

Sasa hilo la "wanaficha". Hapa nawapa wenye voisi nusu ya maksi, sio zote. Hamna anayeficha, vitu vyote nilivyoandika hapo juu vimechapishwa, mi mwenyewe nimevisomea kwenye simu. Lakini ni kweli kwamba hamna anayekimbilia, na sababu ni hela. Artemisinini ilipatikana China kwenye mradi wa kijeshi, Mradi wa 523, ulioanzishwa 23 Mei 1967 kwa ajili ya askari wa Vietnam waliokuwa wanamalizwa na malaria msituni, na wakati ule China hamna aliyewaza kuiwekea hataza (haki ya kuimiliki). Leo artesuneti ni ya kila mtu, viwanda kibao vinaitengeneza. Sasa kampuni gani itamwaga mamilioni ya dola kuthibitisha kwamba inatibu kansa ya utumbo, halafu ikishathibitisha tu jirani anauza hiyo hiyo kwa bei ya karanga? Watu wa St George's walifikia mpaka kuchangisha umma mtandaoni ili wapate hela ya jaribio lao, kama sisi tunavyochangishana kwenye grupu la msiba. Profesa wa Uingereza anapitisha bakuli, na huku mtu ananiambia wakubwa wanaogopa dawa yake.

Ukitaka kuona hela inavyoongoza angalia thalidomaidi. Ile dawa iliyoleta maafa kwa watoto tumboni ikaja kuokotwa tena kwa ajili ya ukoma, na baadaye 1999 ikaonekana inafanya kazi kwenye kansa ya uboho. Kampuni ikaibadilisha kidogo, ikapata molekuli mpya yenye hataza, ikauza mabilioni ya dola. Kwa hiyo dawa ya zamani inaweza kugeuka ya kansa, imeshatokea, sio ndoto. Ila mara nyingi inasubiri mtu apate namna ya kuimiliki, na hilo ndo la kulalamikia kwa sauti, kwa serikali na wafadhili wanaotoa hela za utafiti, badala ya kulihamishia kwa daktari wa mionzi ambaye hana kosa.

Kuna kundi jingine linanikera kuliko voisi. Wauza majani. Artemisia inalimwa huku kwetu miaka mingi, Arusha na Kilimanjaro, Kenya ipo, Uganda ipo, na toka 2020 ile dawa ya korona ya Madagascar ilivyoletwa kwa ndege basi kila mwenye shamba akawa mganga. Pakiti ya majani makavu, imeandikwa kwa kalamu ya wino "malaria, kisukari, kansa, nguvu", maelekezo chemsha dakika 20. Sasa huyu mtu angejua tu stori ya dawa anayoiuza. Tu Youyou, yule mama wa Kichina aliyepata Nobeli 2015, alikwama sana kwa sababu walikuwa wanatumia joto kukamua mmea na dawa inapotea. Akarudi kwenye maandishi ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4, akakuta ameelekeza loweka kwenye maji, kamua, kunywa. Hajasema chemsha. Ndo akabadili akatumia etha inayochemka kwa joto dogo, na sampuli namba 191, Oktoba 1971, ikaua vijidudu vyote kwa panya. Joto ndo lilikuwa adui, na muuzaji anakwambia dakika 20 jikoni. Halafu artemisinini yenyewe haipendi maji, haiyeyuki vizuri, kwa hiyo kwenye kikombe kinachobaki ni uchungu tu na kidogo cha dawa ambacho hakijulikani ni kiasi gani.

Na hicho kidogo kina madhara yake. Vijidudu vilivyoanza kuizoea artemisinini vimeshaonekana Rwanda, vimeonekana kaskazini mwa Uganda, na Kagera hapa vimeonekana, sio mbali, ni basi la asubuhi unalala kule. Kila anayekunywa dozi nusu nusu ya dawa hii kwa ajili ya ugonjwa mwingine huku ana vijidudu vichache damuni bila kujijua anawafundisha vita. Mseto ukitushinda hatuna kingine cha haraka cha kuweka mahali pake, na mi ndo nitakayesimama kaunta kumwambia mama mwenye mtoto anayechemka homa.

Mpaka hapa utaona kama nimeikataa dawa. Sijaikataa. Ninachosema ni kwamba swali la voisi limekaa vibaya. "Dawa ya malaria inatibu kansa?" halijibiki, ni kama kuuliza nyundo inajenga nyumba. Kansa gani, imefika wapi, na dawa inapitia njia gani, hapo ndo tunaanza kuongea. Na ukiuliza hivyo kuna sehemu moja ambapo mi nina matumaini ya kweli, na cha ajabu ni ugonjwa ule ule wa mama wa Sengerema, ila miaka kumi kabla.

Kansa ya shingo ya kizazi haiji ghafla. Inaanzia kwenye kirusi cha HPV, seli za juu kabisa za shingo ya kizazi zinaharibika, zinakaa hivyo kwa miaka, nyingine zinajirekebisha zenyewe, nyingine zinaendelea mpaka zinakuwa kansa. Kipindi kile cha katikati ndo tunachokikamata tukipima kwa siki kliniki, panageuka peupe, nesi anaona. Pale ugonjwa uko juu juu, unene wa milimita chache, na pako mahali ambapo dawa inaweza kuwekwa moja kwa moja bila kuzunguka na damu wala kupitia kwenye ini. Lile tatizo la dawa kukimbia mwilini baada ya saa chache linapungua uzito, maana haina safari. Georgetown waliona 2005 kwamba mtoto wa artemisinini anaua seli zilizoharibiwa na kirusi cha aina hii, wakaipaka hata kwa mbwa wenye kirusi chao cha mdomoni, ikafanya kazi. Cornelia Trimble wa Johns Hopkins akaenda kwa wanawake: 28, wote wana mabadiliko ya hatua ya juu lakini sio kansa bado, wakapewa artesuneti ya kuweka ukeni, siku tano kwa mzunguko, mzunguko mmoja mpaka mitatu. Matokeo yalitoka 2020. Kwa 19 kati ya 28 mabadiliko yalirudi nyuma, na karibu nusu ya hao 19 kirusi chenyewe kikapotea.

Mfamasia kazi yake ni kukunja sura, kwa hiyo nakunja tena: hapakuwa na kundi la kidonge kitupu, na nimeshasema hizi seli nyingine hujirekebisha zenyewe, kwa hiyo sio zote 19 ni za dawa. Ndo maana awamu iliyofuata Marekani ikawekewa kidonge kitupu cha kulinganishia. Ila njia ina akili, na hatua ya ugonjwa ni sahihi.

Na hii imeshavuka mpaka kwetu, ng'ambo ya ziwa hili hili. Kisumu kuna jaribio la awamu ya kwanza la daktari Chemtai Mungo, Mkenya aliyeko Chuo Kikuu cha North Carolina, wanawake 18, artesuneti ya kujiwekea mwenyewe nyumbani. Awamu ya kwanza haiulizi kama inatibu, inaulizia usalama na kama mtu anaweza kuitumia kama ilivyoelekezwa. Kwa nini Kisumu na sio Boston? Kwa sababu Boston mwanamke akikutwa na mabadiliko anapangiwa wiki ijayo anakatwa kipande anarudi kazini. Huku anapimwa kwa siki kituo cha afya, anaambiwa mashine ya kuchoma haipo hapa, au ipo imekufa, nenda hospitali ya wilaya, nauli hana, mtoto mgonjwa, mahindi yanataka palizi, anapotea. Unakutana naye miaka kumi baadaye kwenye foleni ya mionzi. Na wanawake wanaoishi na VVU hatari yao ya kansa hii ni kama mara sita ya wengine, na kanda yetu hao ni wengi. Kwa hiyo dawa ambayo nesi anaweza kumpa mwanamke mkononi siku ile ile aliyopimwa, dawa ambayo tayari tunaijua, tayari iko stoo kwa jina jingine, watoto wa vijijini wenye malaria kali wanaipata kwa njia ya haja kubwa kabla ya kukimbizwa hospitali, hiyo ingebadilisha hesabu kuliko kidonge chochote cha kansa iliyokwisha kusambaa. Kama itafanya kazi. Naandika "kama" kwa herufi ndogo lakini isome kwa sauti kubwa.

Yule kaka sikumuuzia. Nilimwambia mama ana tarehe ya mionzi, tarehe ile ni mali, kuna watu wanaisubiri hawajaipata. Nikamwambia pia kitu ambacho nadhani ndo kilimgusa: artesuneti na ndugu zake zinaweza kushusha damu, wengine hata wiki mbili baada ya kumaliza, na mama ambaye anatokwa damu toka mwaka jana akifika kwenye mionzi damu iko chini wanaweza wasimuanze mpaka aongezewe. Akauliza, kwa hiyo tungeenda kumchelewesha? Nikamwambia ndio kaka. Akaomba niandike kwenye karatasi, nikaandika nyuma ya risiti. Aliniuliza pia kuhusu dada yake wa miaka 34, kama naye apimwe. Nikasema mlete hata kesho, kupima kwa siki ni dakika chache.

Ila kuhusu Kisumu kuna kitu kinaniwasha na sikioni kwenye karatasi za utafiti kikiongelewa kwa urefu unaostahili. Mi nauza vidonge vya ukeni kila siku, vile vya fangasi, sita kwenye pakiti, kimoja kila usiku. Mwezi huu dada mmoja alirudi na vinne havijatumika. Nikamuuliza vipi, vimekuunguza? Akasema hapana, usiku wa tatu mume alirudi safari.